Folda ya pamoja si nakala

Mwaka jana nilipoteza kazi ya wiki tatu kwa amri moja. Kompyuta yangu ni ya Windows, na ndani yake nina mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) ya Ubuntu, aina ya Linux, ninayoiendesha kwa programu ya VirtualBox. Folda ya mradi wangu ya Windows nilikuwa nimeifanya ya pamoja, ionekane pande zote mbili. Siku hiyo niliona folda hiyo imejaa kule Ubuntu, nikaifuta kwa rm -r nikiamini ni nakala tu. Niliporudi Windows nikakuta patupu. Hata kwenye pipa la taka hamkuwa na kitu, maana amri ile haipitii pipa lolote.

Ndiyo maana nasisitiza: kwa folda ya pamoja, mashine pepe haipewi nakala. Inashika faili zile zile zilizo kwenye diski ya kompyuta yako. Kwa hiyo unapoongeza folda kwenye mipangilio ya VirtualBox, kama Ubuntu inahitaji kusoma tu, weka alama ya kusoma tu. Mimi sikuiweka.

Guest Additions, yaani programu saidizi za VirtualBox, lazima ziwepo ndani ya Ubuntu kwanza. Ukichagua folda ijiunganishe yenyewe, utaikuta /media/sf_ ikifuatiwa na jina lake. Wengi hukwama hapa: wanaiona lakini hawaruhusiwi kuifungua, kisha wanaanza kufanya kila kitu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Usifanye hivyo. Jiongeze kwenye kundi la vboxsf, lenye ruhusa ya folda hizo:

sudo usermod -aG vboxsf $USER

Halafu washa mashine upya, la sivyo kundi halitatambulika.

Kuburuta faili kwa kipanya nimeacha, kulinikatikia njiani mara nyingi mno. Hifadhidata nayo usiiweke kwenye folda ya pamoja, kwa kuwa chown, amri ya kubadili mmiliki wa faili, haifanyi kazi humo.

Kitu nisichotaka kukipoteza nakisafirisha kwa scp, amri ya kunakili faili kupitia mtandao, kwa sababu hiyo hutoa nakala ya kweli. Ubuntu iwe na openssh-server, programu inayopokea miunganisho hiyo, na kwenye mipangilio ya mtandao wa NAT ya mashine hiyo katika VirtualBox elekeza mlango (port) 2222 wa kompyuta kwenda mlango 22 wa mashine. Kisha, kwenye terminali ya Windows:

scp -P 2222 ripoti.zip jina@127.0.0.1:

Hapo kwenye jina andika jina lako la Ubuntu. Hiyo P ni kubwa. Ndogo ina kazi nyingine kabisa.

Siku hizi nina folda mbili za pamoja. Ya kupeleka faili Ubuntu ni ya kusoma tu. Ya kutolea faili Ubuntu kuja Windows naiacha tupu, na kitu kikitua humo nakihamisha siku hiyo hiyo.