Dada, usisaini hiyo fomu ya darasa la 9 kabla hujapanga miaka minne yote

Dada, weka kalamu chini kwanza. Nimesoma uzi wako mara mbili. Umeuliza mengi: begi gani anunuliwe, alale saa ngapi, simu awe nayo au asiwe nayo, na atafanyaje marafiki zake wakienda shule nyingine. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba binti anamaliza darasa la 8 Juni, fomu ya kuchagua masomo ya hai skuli hapa Marekani imeletwa nyumbani, inatakiwa Ijumaa, na utasaini chochote alichopendekeza kaunsela, yule mshauri wa masomo wa shule, "maana mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu". Hapo nikaacha vyombo kwenye sinki nikaja kuandika. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka sita iliyopita, na aliyeyalipia ni mwanangu.

Hakuna mwaka wa kuzoea. Hai skuli ya Marekani ni darasa la 9 hadi la 12, na transkripti, ile karatasi ya alama ambayo vyuo vitaiomba, inaanza kuandikwa darasa la 9.

Sasa nisikilize. Kijana wangu alikuwa anaziweza hesabu. Kiingereza kilikuwa bado kinamkwamisha, tulikuwa na miaka mitatu tu hapa, lakini hesabu za darasa la 8 alizimaliza na A. Februari ikaja fomu kama yako. Kwenye mstari wa hesabu palikuwa na visanduku viwili: Aljebra ya Kwanza, na somo jingine la kumwandaa mtoto kwa aljebra. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kumwona kaunsela. Mama mpole kabisa, anatabasamu. Akaniambia mtoto bado anajenga lugha, tusimbebeshe mzigo, aanze na lile la maandalizi, akishazoea atapanda. Nikamshukuru, nikasaini pale pale mezani kwake. Nilitoka nimefurahi kwamba nimepata mtu anayeijua njia.

Kiingereza chake nilikielewa chote. Mfumo ndio sikuuelewa. Hesabu za hai skuli hapa zinapandwa kama ngazi. Aljebra ya Kwanza, halafu Jometri, halafu Aljebra ya Pili, halafu somo la kuandalia kalkulasi, ndipo kalkulasi yenyewe, ile hesabu ya juu wanayoihitaji kina uhandisi. Kila moja linakula mwaka mzima, na kwa kawaida huingii la juu kama hujapita la chini. Shule nyingine wamezichanganya wakaziita Hesabu ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu, lakini kupanda ni kule kule.

Hesabu kwa vidole, dada. Mtoto aliyesoma Aljebra ya Kwanza darasa la 8 anaikuta kalkulasi darasa la 12. Aliyeianza darasa la 9 anaishia kwenye lile la kuandalia kalkulasi. Aliyeianza darasa la 10, kama wangu, anamaliza shule na Aljebra ya Pili. Huko "kupanda" alikoniahidi yule mama kuko wapi? Kila mwaka mtoto alipanda ngazi moja, na wenzake nao walipanda moja, kwa hiyo pengo likabaki vile vile hadi mwisho.

Nilijua haya darasa la 10 likiwa katikati. Kijana alikuwa ameanza kupenda uhandisi, akaja na ukurasa wa chuo alichokitamani, wameandika hesabu wanazotarajia mwombaji awe amesoma. Akaniuliza, "Mama, kalkulasi nitaisoma lini?" Tukachukua karatasi. Darasa la 11, Jometri. Darasa la 12, Aljebra ya Pili. Karatasi ikaishia hapo. Alinitazama kama mtu anayengoja nimwambie kuna mwaka mwingine umefichwa mahali.

Tukahangaika kurekebisha. Jometri akaisoma likizo ya kiangazi, somo la mwaka mzima limebanwa kwenye wiki sita, kila siku masaa manne darasani na jioni mazoezi mpaka usiku. Akapata C. Mtoto wa A za hesabu, akapata C kwa sababu alikuwa anakimbizwa, na C hiyo iko kwenye transkripti yake mpaka leo. Darasa la 12 akafika kwenye kuandalia kalkulasi, basi. Uhandisi anausoma sasa kwa kupitia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, kalkulasi ameianzia huko, na anafanya vizuri, namshukuru Mungu. Lakini ile njia ndefu hakuichagua yeye. Niliichagua mimi kwa saini moja.

Na kuhusu yule kaunsela, nitasema. Najua wana kazi nyingi. Chama chao chenyewe cha makaunsela wa shule Marekani kinapendekeza mmoja ahudumie wanafunzi 250, na majimbo mengi wanazidi hapo. Lakini kufungua alama za mtoto mmoja ni dakika mbili. Hakuzifungua. Alisikia lafudhi yangu akampimia mwanangu hesabu kwa kutumia Kiingereza chake. Baadaye sana ndiyo nikaja kujua kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1974 iitwayo Lau dhidi ya Nichols, zinaitaka shule imsaidie mtoto asiyejua Kiingereza ashiriki masomo kikamilifu kama wenzake. Msaada wa lugha ni haki yake. Kumshusha hesabu kwa sababu ya lugha si msaada. Na mzazi ambaye Kiingereza hakimtoshi ana haki ya kupewa mkalimani na shule, bila malipo, kwa hiyo msimfanye mtoto awatafsirie kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.

Wa pili wa kulaumiwa ni ndugu zetu kwenye vikundi vya simu, wanaosema: "Vyuo vinaangalia darasa la 11 tu." Nani aliwaambia? Chembe ya ukweli ipo: mfumo wa Chuo Kikuu cha California unapokokotoa wastani, yaani GPA, unachukua masomo ya darasa la 10 na la 11. Lakini hata wao wanataka yale masomo ya lazima ya darasa la 9 yawe yamepitwa kwa C au zaidi, na alama zake wanaziona. Kwingine kwingi wanajumlisha yote. Mtoto akipata wastani wa 2.3, kwenye kipimo ambacho A zote ni 4, darasa la 9, kisha ajitutumue apate 3.8 la 10 na 3.8 la 11, anaomba chuo akiwa na 3.3. Miaka miwili ya kukesha, na ule mmoja wa "kuzoea" bado unamvuta chini. Na zinazoshusha zaidi ni kazi zisizokabidhiwa: 90, 90, 90 na sifuri moja ni 67.5. Hiyo ni D, kwa mtoto anayelijua somo.

Kwa hiyo, dada, kabla ya Ijumaa fanya hivi. Chukua karatasi, chora safu nne: 9, 10, 11, 12. Pembeni andika Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, lugha ya kigeni. Anza kujaza darasa la 12 ukirudi nyuma. Muulize binti anachokipenda sasa hivi, hata kama atabadilika, kwa maana mlango ulioachwa wazi anaweza kuamua kutouingia, ila uliofungwa hana la kuamua. Ukifika safu ya 9 utaona mwenyewe ni kisanduku kipi kinakupeleka huko.

Usidanganyike na sharti la kuhitimu. Diploma na chuo ni vitu viwili. California, kwa mfano, sharti la jimbo la kuhitimu ni miaka miwili ya hesabu, wakati vyuo vikuu vyake vya umma vinataka mitatu na vinashauri minne. Mtoto anaweza kuvaa joho, mkapiga picha na maua, na bado hana sifa za kuomba.

Halafu kaunsela usimwulize "unapendekeza nini?" Mwandikie barua pepe, ili jibu libaki kwa maandishi: "Akianza na somo hili darasa la 9, darasa la 12 atakuwa anasoma hesabu ipi?" Mdogo wake huyu kijana alipofika darasa la 8, naye walimwekea tiki kwenye maandalizi. Niliandika swali hilo moja tu. Wakampa mtihani wa kupima, akapita, akahamishwa Aljebra ya Kwanza ndani ya wiki moja. Wiki moja! Kwa kaka yake sikujua hata kama kuna kuuliza.

Kuna watakaokuja hapa chini kusema hesabu si kila kitu, mtoto aachwe apumue. Wangu wanaimba kwaya na wanacheza mpira, wanapumua vizuri tu. Na hata kama binti yako anataka uuguzi, au sheria, au hajui anataka nini, karatasi ile ya safu nne inabaki ile ile. Sayansi nazo zina mpangilio wake, na lugha ya kigeni ukiianza darasa la 11 huwezi kuwa na miaka mitatu yake.

Begi nunua lolote lenye mikanda imara.

Leo usiku piga picha ya hiyo fomu, pande zote mbili, ufunike jina la mtoto na la shule, uiweke hapa. Weka pia alama zake za hesabu za muhula huu. Niko macho mpaka saa sita, na kesho mchana nina nafasi. Na kama kaunsela hajajibu hadi Ijumaa asubuhi, iandike barua ya kuomba siku tatu za nyongeza, nitakusaidia kuiandika.