PhD juu ya kazi ya kutwa: nimeokota maswali sita

Maswali ya PhD, yaani shahada ya uzamivu, yamejaa tena. Mengi yanafanana kwa hiyo msinune nikiwajibu kwa ufupi.

Nina kazi ya kutwa na watoto wawili, PhD ya pati taimu itachukua miaka mingapi?
Kwa mfumo wa Uingereza anayesoma muda wote anatumia kama miaka 3 hadi 4, wa pati taimu hesabu 6 hivi, wengine wanafika 8. Mfumo wa Marekani una madarasa na mitihani kabla hata hujagusa tasnifu, kile kitabu cha utafiti wako. Ila miaka sio shida, shida ni Jumanne usiku. Watoto wamelala, saa nne unafungua laptopu, dakika 40 zinaishia kutafuta uliishia wapi, ukishakumbuka tu macho yanafunga. Mimi nilikuwa naacha sentensi katikati makusudi, chini yake naandika KESHO MALIZIA HII, HALAFU JEDWALI LA PILI, nikirudi naanzia hapo hapo. Na kaa na mwenzio mkubaliane saa zipi ni zako, usimwambie tu "nitasoma usiku", huo usiku ni wake pia. Halafu dada, umeniandikia mistari kumi na tano na hakuna hata mmoja unaotaja unataka kuchunguza nini. Unalo swali la utafiti au unautaka tu "Dokta" mbele ya jina?

PhD ya mtandaoni ya miezi sita, bila tasnifu, inatambulika?
Hapana. Mara ya tatu mwezi huu jamani! Kusoma mtandaoni sio kosa, vyuo vya maana vinafundisha hivyo, kosa ni kununua cheti.

Nikimaliza mshahara utapanda?
Muulize mwajiri, sio mimi, na akujibu kwa maandishi.

Ofisi inataka kunilipia ada yote. Nikubali?
Soma mkataba kwanza. Utafungwa miaka mingapi baada ya kumaliza, na ukiacha kazi katikati unarudisha kiasi gani? Data za ofisi ni za nani? Kuna watu wanamaliza kuandika ndio wanaambiwa matokeo ni siri, hayachapishwi. Na kama utawahoji watu walio chini yako jiandae, kamati ya maadili ya chuo itakuuliza watakukatalia vipi wakati wewe ndio bosi wao.

Niliacha zamani, nimechelewa kurudi?
Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alianza PhD ya vumbi la angani 1970, akaiacha 1974, akaimaliza 2007 akiwa na miaka 60. Ila usijipe moyo sana kaka, bahati yake mada ile watu hawakuigusa sana miaka yote hiyo. Ya kwako kaangalie kama hawajaimaliza wengine.

Chuo kimoja kina jina kubwa, kingine kina msimamizi anayejibu imeili. Niende wapi?
Hatimaye mtu kauliza la maana! Nenda kwa anayejibu. Lakini muulize amemalizisha wanafunzi wangapi wa pati taimu, sura ya tasnifu anairudisha baada ya siku ngapi, na kama anakubali kukutana jioni, halafu waulize na wanafunzi wake yeye akiwa hayupo. Mimi nilifuata jina. Sura yangu ya kwanza ilirudi baada ya miezi minne, ina neno moja tu, "sawa", ukurasa wa kwanza. Ilikuwa na kurasa 38.