Maswali ya Wasomaji: Mradi huu umekula kiasi gani?

SWALI: Tuna idara tatu, na fundi mmoja huweza kushika miradi minne ndani ya wiki moja. Mwisho wa mwezi mishahara tunaijua, ila hatujui kila mradi umekula kiasi gani. Fomu za saa zipo, lakini watu wanazijaza kwa kubahatisha. Tuanzie wapi?

JIBU: Angalieni kwanza fomu inajazwa lini. Ikijazwa Ijumaa jioni, fundi hakumbuki Jumatatu alishika nini. Atagawa saa 40 kwa miradi minne na kuandika 10, 10, 10, 10. Mkiona namba za aina hiyo kila wiki, fomu hiyo haina thamani. Ijazwe kila siku kabla ya kuondoka, kwa vipande vya nusu saa (dakika sita sita ni kuwatesa watu bure), na msimamizi wa mradi aidhinishe, kwa kuwa bajeti inayokatwa ni yake.

Kazi zisizo za mradi zipewe namba zake za kuandikia saa kwenye fomu: likizo, mafunzo, kusubiri kazi. Mkiweka namba moja tu ya "mengineyo", saa zote zenye utata zitatupwa humo.

Penye mtego hasa ni bei ya saa. Wengi huigawa gharama ya mwaka ya mfanyakazi kwa saa 2,080, yaani wiki 52 mara saa 40. Toeni likizo siku 20, sikukuu 12, ugonjwa 5 (kila siku saa 8) na mafunzo saa 84, zinabaki 1,700. Mshahara na michango ya mwajiri vikifika 34,000 kwa mwaka, saa moja ni 20, siyo 16.35. Kwa mradi wa saa 600, pengo ni karibu 2,200, na litaibukia kwenye hesabu za idara, mkuu wake aulizwe asichokijua. Mkishatumia 1,700, saa za likizo ziandikwe kwa namba yake tu, gharama yake msiitoze tena popote, mtaihesabu mara mbili. Na tumieni wastani wa daraja, yaani wa mafundi wote wa ngazi moja ya mshahara. Mkitumia mshahara wa mtu, wasimamizi watapiga hesabu ya anacholipwa kila fundi.

Nyongeza ya ovataimu msiutwike mradi uliofanywa jioni, kwani huenda ule wa asubuhi ndio uliochelewesha kazi. Isambazeni kwenye saa zote, isipokuwa mteja mwenyewe ndiye aliyeharakisha.

Kabla ya kufunga vitabu vya mwezi, jumla ya saa za fomu ilingane na ya orodha ya mishahara, idara kwa idara. Zikipishana, anzeni na fomu za walioazimwa na idara nyingine: mara nyingi kila mkuu alidhani mwenzake ameshaidhinisha.