Vua mguu, mdogo wangu

Juzi kambini mlimani nimemwona kijana, mpandaji mwenye mguu wa bandia kama mimi, anachechemea. Namuuliza kigutu kinaendeleaje, ananijibu, "Freshi tu, kaka." Freshi, na uso kaukunja kama kameza shubiri! Kila msimu ni yale yale, ndiyo maana naandika.

1. Laina, ile ala laini inayovikwa kigutu, lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Ukiiacha nje, asubuhi unavaa barafu.

2. Beba soksi za kigutu za unene tofauti. Asubuhi kimejaa, mchana kimesinyaa, soketi, kile kikombe cha mguu wa bandia kinachoshika kigutu, inaanza kucheza. Ikicheza, simama. Mimi sikusimama. Msimu wangu wa pili, niko katikati ya kamba tuliyofungana na wenye miguu miwili wananifuata nyuma, nikasikia moto chini ya goti, padogo kama punje ya dengu. Kuvua mguu, kupangusa jasho, kuongeza soksi: dakika 10. Nikaona haya. Nilitaka wasahau kwamba sina mguu, basi nikauma meno masaa matatu mazima. Hemani nilipovuta laina, ilitoka na ngozi. Nikaikung'uta nje, theluji ikawa ya waridi. Mwenzangu akatazama, hakusema neno, akanisogezea chai. Kilele nilikiona kwa mbali tu. Nikateremka siku mbili, nusu kwa fimbo, nusu kwa makalio, na wiki sita sikuvaa mguu. Haya, dakika 10 kwa wiki sita, piga hesabu.

Na msiniambie kusimama ni unyonge. Xia Boyu, mpanda milima wa China asiye na miguu yote miwili, mwaka 2016 aligeuka Everest kilele kikiwa kimebaki kama mita 100. Alirudi 2018, ana miaka 69, akafika.

3. Vipuri. Mark Inglis, mpanda milima wa New Zealand, mguu wa bandia ulimvunjikia Everest mwaka 2006, akaufunga, akautengeneza, akapanda hadi juu. Nyinyi hata spana ya soketi mnaazima!

4. Kuteremka ndiko kwenye kazi. Mguu wa bandia haukwambii umekanyaga nini, kwa hiyo kila hatua itazame kramponi, yale meno ya chuma chini ya buti, imeng'ata wapi. Ndiyo, shingo itauma.

Yule kijana, jioni alinijia anachechemea vilevile, sauti chini, eti ana rafiki yake anahitaji soksi. Nikampa mbili, nikamwambia amsalimie huyo rafiki.