Maswali na Majibu: Je, niombe kama mtu asiye na uraia?

SWALI: Mimi ni Mbajuni, wa jamii ya pwani inayosema lahaja ya Kiswahili, kutoka kisiwa cha Chula, Somalia, nipo Uingereza. Ombi langu la hifadhi lilikataliwa kwa madai kwamba lafudhi yangu ni ya Kenya, na ubalozi wa Kenya umeniambia haunitambui. Dalali mmoja anataka nimlipe aniandikie ombi jipya la mtu asiye na uraia, akisema mawakili wa kujitolea wananichelewesha bure. Nifanyeje?

JIBU: Usimlipe. Kosa ninalokutana nalo kila mara ni kudhani kwamba asiye na hati hana uraia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1954 kuhusu watu wasio na uraia unamhusu mtu ambaye hakuna dola inayomhesabu kuwa raia chini ya sheria zake, ilhali wewe umejieleza tangu mwanzo kuwa raia wa Somalia. Ukigeuka ghafla na kudai huna nchi, mwamuzi atayatilia shaka maelezo yote mawili. Hoja ya kisheria huenda ipo, kwa kuwa sheria ya uraia ya Somalia ya 1962 humtambua Msomali kwa asili, lugha au mila, na Mbajuni anaweza kubishiwa katika yote matatu, lakini hoja hiyo hujengwa kwa ushahidi. Tena, kukosa uraia peke yake hakumfanyi mtu kuwa mkimbizi: Mkataba wa wakimbizi wa 1951 humtaka naye athibitishe hofu yenye msingi ya kuteswa katika nchi aliyokuwa akiishi.

Uingereza ina utaratibu wa pekee wa kibali kwa wasio na uraia tangu Aprili 2013, na ombi lake halina ada, basi sijui dalali anauza nini. Huko kuchelewa anakokulalamikia dalali ndiko kazi yenyewe: kuziandikia balozi za Kenya na Somalia na kupata majibu ya maandishi yenye tarehe (kauli ya mdomo dirishani haina uzito), kutafuta mashahidi wanaokujua, na kumpata mtaalamu wa Kibajuni wa kuipinga ripoti ya lafudhi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi za waombaji waliosema wametoka Somalia, ilionya kwamba wachambuzi wa lugha wasivuke mipaka ya utaalamu wao.

Madalali hawa huwauzia watu wengi hadithi ileile, na maofisa wameshaizoea. Sheria ya Uingereza ya uhamiaji na hifadhi ya 1999 inafanya kuwa kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila sifa au usajili, hata kama mshauri halipwi. Kwa hiyo wakili wa kujitolea anabanwa na sheria ambayo dalali anaikwepa. Kabla ya kutia saini popote, tafuta jina la mshauri katika orodha ya Immigration Advice Authority (mamlaka ya Uingereza inayosajili washauri wa uhamiaji) au ya mawakili waliosajiliwa, na umtake aandike jina lake kwenye ombi lako.