Kifundo cha mkono kunyongeka mhusika akigeuza kiganja

Unauliza kwa nini kifundo cha mkono cha mhusika wako wa 3D kinanyongeka ndani ya gemu ilhali kwenye Blender (programu ya kuunda vitu vya 3D) kilikuwa sawa. Uzito uliopaka, yaani kiasi ambacho kila mfupa wa mhusika unavuta ngozi yake, hauna kosa; kosa ni la hesabu yenyewe. Injini za gemu kwa kawaida hupiga wastani wa matriksi (jedwali za namba zinazoeleza mzunguko na mahali) za mifupa inayovuta kipeo (nukta moja ya ngozi), na wastani wa mizunguko miwili si mzunguko: kipeo hupita njia ya mkato ndani ya mkono badala ya kuzunguka na ngozi. Kwa kipeo kinachovutwa nusu na kigasha, nusu na kiganja, kiganja kikigeuka nyuzi 90, unene wa mkono pale unabaki kama 71%. Kwa nyuzi 180 vipeo vyote vinakutana katikati, mkono unakuwa karatasi ya pipi iliyosokotwa. Mimi nilipaka upya siku tatu kabla ya kuchukua kalamu na kuikokotoa.

Kwenye Blender mkono ulionekana mzima kwa sababu uliwasha chaguo la kulinda ujazo. Lile hutumia kwatenioni pacha (namba zinazochanganya mizunguko bila kubana umbo), njia ya Ladislav Kavan na wenzake ya 2007. Haliendi na faili unapohamisha kwa glTF (muundo wa faili za 3D).

Ongeza mifupa miwili ya msokoto ndani ya kigasha: wa kwanza ufuate theluthi ya mzunguko wa kiganja, wa pili theluthi mbili. Ukigawa nyuzi 90 kwa hatua za 30, unene haupungui hata 4%. Usisahau kuhamisha uzito wa kigasha kwenye mifupa hiyo, la sivyo hakuna kitakachobadilika.

Ila kiwiko kikibonyea kinapokunjwa, dawa hii haikisaidii; pale tengeneza umbo la kusahihisha (umbo la ziada la ngozi lililochongwa kurekebisha mbonyeo) linalowaka kadiri pembe inavyoongezeka.