Nitoe siti ya nyuma ili Aqua yangu ile mafuta kidogo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Uyole hapa Mbeya, nina Toyota Aqua ya 2013, natumia kwenda kazini Mwanjelwa na wikiendi moja moja nateremka Kyela kwa wazee. Wakati nanunua niliambiwa inaenda kilomita 35 kwa lita, mimi nikipiga hesabu mwenyewe napata 16, ikizidi sana 17. Sasa kuna fundi wa mtaani kaniambia gari ni zito, tutoe siti ya nyuma, spea tairi, zulia na zile plastiki za kwenye buti, eti likiwa jepesi nitasahau habari ya sheli. Laki moja na nusu kazi yote. Nimpe? – Dereva wa Uyole

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hiyo laki na nusu ibaki mfukoni kwanza tuongee.

Uzito unakula mafuta, hapo fundi wako hajakosea, ila hajakwambia unakula kiasi gani. Wizara ya nishati ya Marekani inakadiria kila kilo 45 za ziada zinapunguza kilomita zako kwa kama asilimia 1. Aqua ina kilo 1,080 hivi. Hata tukiwa wakarimu tuseme vyote anavyotaka kutoa vinafika kilo 40, kutoka 16 unaenda 16 na nukta moja na vichenji. Abiria wako akibeba ndoo mbili za maji tu umerudi pale pale.

Najua utasema hiyo ni Marekani huku kwetu ni milima. Haya, twende Kyela. Kule chini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, kwa hiyo ukirudi unapandisha kila kitu kilichomo ndani ya gari mita 1,200, na barabara yenyewe inapanda zaidi mpaka kule Isyonje kabla hujaanza kushukia Uyole. Kupandisha zile kilo 40 mita 1,200 kunakula petroli ya vijiko vikubwa vitatu. Vijiko, sio vikombe. Gari lenyewe pamoja na wewe na mama watoto ndio linakula lita moja na zaidi kwenye kupanda tu, na hilo huwezi kulitoa kwa spana.

Alafu Aqua ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, sio kama hizi gari zetu za zamani. Ukikanyaga breki taratibu mota inageuka jenereta, ule uzito uliokuwa unausukuma unarudisha umeme kidogo kwenye betri. Sio wote, lakini unarudi, ndio maana kwenye foleni ya Mafiati uzito unaiumiza haibridi kidogo kuliko gari la kawaida.

Sasa nije kwenye siti, maana hapa ndio nimekasirika kidogo. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma. Ni volti 144, zile nyaya nene za rangi ya chungwa hazijapakwa rangi ile kwa urembo, umeme wake unaua. Na pembeni ya siti kuna kidirisha chenye matundu, watu wengi wanadhani ni spika, ile ndio pua ya betri, feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia pale kuipoza. Ukitoa siti ukaanza kutupia mizigo pale juu unacheza na kitu ambacho bei yake inazidi mara nyingi hayo mafuta unayotaka kuokoa. Na kwenye kadi ya gari imeandikwa inabeba watu wangapi, siku ya ajali bima wakianza kuhesabu siti usinitafute.

Mwaka jana ililetwa Aqua moja kwangu, mwenyewe analalamika kama wewe hivi hivi, mafuta mafuta mafuta. Huyo analala mashambani, analaza siti anapakia lumbesa ya viazi (lumbesa kwenye Aqua jamani!) gunia linaegemea kile kidirisha, feni inavuma mpaka unaisikia ukiwa siti ya mbele. Nilivyofungua pale nilitoa kitu kama kipande cha blanketi, vumbi jekundu limeshikana na nyuzi za magunia, katikati kuna maganda ya karanga na risiti ya parking. Betri ikipata joto kompyuta inaipunguzia kazi, umeme ukipungua injini ndio inabeba mzigo, mafuta yanakwenda. Tulisafisha kwa brashi na kapampu ka upepo, nusu saa. Anza na hapo kabla ya spana yoyote.

Cha pili ni baridi yetu. Injini ya haibridi haikubali kuzima mpaka ipate moto, ukiwasha asubuhi ya Julai Uyole vidole vimekufa ganzi, inanguruma yenyewe hata kama umesimama, na safari yako ya kwenda Mwanjelwa ni fupi kiasi kwamba ikishapata moto vizuri umeshafika unapaki. Na hita! Aqua inatoa joto la hita kwenye maji ya injini, kwa hiyo ukiweka hita mpaka mwisho unailazimisha injini iwake ili wewe upate joto. Vaa koti. Mimi navaa na kofia juu, wananicheka lakini sheli sionekani sana.

Upepo wa tairi: soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi, usimwachie kijana wa kujaza akisie kwa kupiga teke. Na kama umebadilisha rimu ukaweka kubwa za kung'aa, huo ndio uzito mbaya kuliko wote, maana unausukuma mbele na wakati huo huo unauzungusha.

Ukishuka milima mirefu kama ule wa kwenda Kiwira weka gia kwenye B, ile inayoifanya injini ishike mwendo badala ya breki. Betri ya Aqua ni ndogo, inajaa hata robo ya mteremko hujamaliza, baada ya hapo ule umeme wa bure hauna pa kwenda, usipoweka B breki zako ndio zitaungua. Kwenye tambarare rudisha D, usikae kwenye B siku nzima kama nilivyowaona wengine.

Na ile 35? Toyota walivyoitoa Desemba 2011 walitangaza 35.4, ila ilipimwa Japan ndani ya maabara, gari limesimama tairi zinazunguka juu ya mitambo, halina hita, halina lumbesa, halina Isyonje. Kwa njia zako ukipata 20 mshukuru Mungu.

Kama bado unataka kupunguza uzito, fungua buti. Mimi mwenyewe nilitoa vya kwangu nikavipeleka kwenye mizani ya viazi: jeki mbili, dumu la maji la lita 20 limejaa, betri iliyokufa, saruji iliyobaki kwenye mfuko, mnyororo sijui wa nini. Kilo 61! Hizo toa bure, bila fundi. Spea, jeki moja, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viache, usiku pale Inyala hautavikumbuka kwa kilo zake.

SWALI: Fundi, Prius yangu ina keria juu, naitumia mara mbili kwa mwaka. Mume wangu anasema iache tu ni ya aluminiamu haina hata kilo 10. – Mama wa Ipogolo, Iringa

JIBU: Dada, kwenye kilo shemeji yuko sahihi, ila tatizo la keria ni upepo. Ukitoka Iringa kwenda Mafinga kwa 90 unapasua hewa na lile dude muda wote, ukisikia linapiga mluzi ujue ni petroli hiyo. Toeni, ni bolti nne.

SWALI: Nikiweka nusu tanki kila mara si gari linakuwa jepesi? – Mbalizi

JIBU: Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Tanki la Aqua ni lita 36, nusu yake ni kilo 13 hivi, sawa na kubeba mtoto wa miaka mitatu. Ukikata kona mara mbili kwenda sheli wakati ungeenda mara moja, hiyo faida imeshaungua njiani.